Kadzo, Mlango Ule Niliufunga Mimi

Mpendwa mdogo wangu Kadzo,

Nakuandikia nikiwa Vitengeni, ndani ya nyumba yako, juu ya meza yako yenye mguu mmoja mfupi. Binti yako Dama amenitilia kigae chini ya mguu huo isiyumbe, akaniambia, "Mjomba, andika polepole. Meza hii haipendi watu wenye hasira." Nina hasira, Kadzo, lakini naandika polepole. Na naiandika barua hii isomwe na yeyote atakayetaka kuisoma, maana jambo ninalokuandikia nililitenda mbele za watu. Sioni haki ya kulitubu pembeni.

Juzi palikuwa na kikao hapa. Walikuja watu wa kukusanya maoni ya wananchi: je, mtihani wa kidato cha nne uondolewe, mahali pake pawe na cheti cha taifa, kitakachokusanya kazi ya mwanafunzi miaka yote aliyokaa shuleni? Waliniita kutoka Nakuru kwa kuwa nimesahihisha mtihani huo mpaka macho yakadai miwani, na miwani ikadai miwani nyingine. Walitaka mzee atakayeutetea. Hawakukosea kunichagua. Unakumbuka nilivyokuwa nikiutetea humu humu ndani kila nilipokuja likizo, chakula kikipoa, nawe ukinisogezea sahani. "Kaka, kula kwanza. Mtihani wako haupoi."

Sababu zangu ulizijua zote. Nilikuambia mara ngapi habari ya yule naibu wa mwalimu mkuu aliyenichukia tangu siku ya kwanza, aliyekuwa akisimama nyuma ya dawati langu na kuuliza darasa zima, "Mtoto wa mgema huyu, atasoma nini? Chupa?" Baba alikuwa akipanda minazi ya watu na kugema tembo, na mimi nilikwenda shule nikinuka kazi yake. Naibu yule angekuwa ndiye anayenipa alama za mwisho, leo hii ningekuwa juu ya mnazi au chini yake. Lakini karatasi zangu zilifungwa, zikapelekwa mbali, zikasomwa na mtu aliyeiona namba yangu tu. Hakujua Baba ni nani. Hakujua nilinuka nini. Namba ile ilinitoa. Na nilipokuwa mimi mwenyewe mtahini, mbele yangu mafungu ya karatasi zisizo na majina, nilijiona nafanya kazi takatifu. Sikumjua yeyote, kwa hiyo sikumdhulumu yeyote. Ndivyo nilivyosema miaka yote hiyo.

Nawe ulinisikiliza, ukatabasamu, ukaenda kuwasha moto. Hukuwahi kunijibu kwa jibu ulilokuwa nalo.

Nitalitoa mimi sasa.

Hawe, nyanya yetu, alifariki wiki ya mtihani wako. Wewe ulikuwa na jina lake. Kwetu hanga, yaani matanga, halimaliziki mpaka wafiwa wanyolewe, na wazee wetu walishika kwamba mwenye jina la marehemu ndiye hunyolewa wa kwanza. Wazee hawakuwa wabaya. Wengi husimulia habari hii kana kwamba mila ilikuzuia, na mimi nimewaacha wasimulie hivyo kwa kuwa ilinifaa. Hapana. Walikaa wakashauriana, wakasema, "Mtoto ana mtihani wa hesabu asubuhi. Basi anyolewe alfajiri, awahi." Waliisogeza shughuli nzima kwa ajili yako. Kitu kimoja tu hakikuwajia akilini: wembe ulikuwa haki ya shangazi, na shangazi alikuwa Marafa, na gari la Marafa lilichelewa. Hakuna aliyesema, basi ashike mwingine. Kosa hilo ni letu wenyewe, hakuna watu wengine ambao wangelifanya. Tuliweza kusogeza saa, hatukuweza kubadilisha mkono.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka tangu jana yake mchana. Niliwaambia wazee serikali haingoji, nami ni mwalimu wa kusimamia mtihani. Wakaniruhusu. Kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba cha mtihani, suruali imepigwa pasi, kichwani nywele zangu zote zimechanwa na kupakwa mafuta.

Shule yenu ilikuwa ndogo, haikuwa na kituo chake, mkaletwa kufanyia mtihani pale nilipokuwa nikifundisha. Karatasi ya hisabati ilianza saa mbili. Ulifika umechelewa, miguu imejaa vumbi mpaka magoti kwa sababu baiskeli ya ami iliharibika njiani ukakimbia sehemu iliyobaki. Na kichwa chako, Kadzo, kilikuwa kimenyolewa upande mmoja. Shangazi alifika, akaanza, ukaona jua limepanda, ukamponyoka mikononi wembe ukiwa bado unatembea. Kwenye sikio palikuwa na mchirizi wa damu.

Msimamizi mkuu alikuwa mtu wa bara, mgeni kwetu, mtu wa haki kwa kadiri nilivyomjua. Akakuuliza, "Binti, saa ngapi hii?"

"Saa mbili na dakika thelathini na tano, mwalimu." Ulijibu kwa usahihi, kama kawaida yako.

"Kanuni inasema dakika thelathini."

Ukafumbua mdomo kusema, pumzi ikakukatika, ukanitazama mimi. Naye akakitazama kichwa chako. "Huyu mzima kweli? Mbona yuko hivi?" Ndani watahiniwa wakacheka. Kijana mmoja wa mstari wa nyuma akasema, "Kinyozi kamdai, kaacha nusu!" wakacheka tena. Msimamizi akawanyamazisha, akatugeukia walimu tuliosimama pale. Maneno yake nayakumbuka yote. "Kuna mwalimu anayemjua? Kama kuna sababu ya msingi, nitaiandika, aingie."

Alingoja. Nataka wasomaji wa barua hii wajue kwamba alingoja. Mimi niliinamisha macho kwenye orodha ya namba, nikajifanya natafuta namba, na namba yako ilikuwa chini ya kidole changu.

"Funga mlango, mwalimu," akaniambia. Nikaufunga.

Kwa miaka mingi nilijiambia nilinyamaza ili nisionekane nampendelea dada yangu. Sababu hiyo ni safi, mtu anaweza kuivaa kwenda nayo popote. Ya kweli si safi. Niliona aibu. Walimu wenzangu walikuwa wakicheka kile kichwa chinichini, na kukieleza kungekuwa kusema: huyu ni dada yangu, na mila hiyo ni yetu, na kichwa changu mimi nacho kilipasa kuwa kimenyolewa. Sikutaka kuwa mtoto wa mgema tena. Nilikuwa nimeshavaa tai.

Ulikaa barazani mpaka karatasi ikakusanywa. Nilipotoka, uliniuliza, "Kaka, umeshastaftahi?" Basi. Alasiri ukaingia ukafanya karatasi iliyofuata, na zote zilizobaki siku zilizofuata, na kichwa chako ukakimalizia mwenyewe kwa wembe ulioazima bwenini. Matokeo yalipotoka ulikuwa umewapita wengi katika kila somo ulilolifanya, na mahali pa jumla pakawa na herufi moja tu ya kuonyesha kwamba hukukamilisha. Kwa herufi ile hapakuwa na cheti. Baba akasema utarudia mwaka ujao. Mwaka uliofuata ndipo walipokuja wapima ardhi kule nyumbani, upande wa Mambrui, na baada yao mtu mwenye hati, na tukaambiwa minazi aliyoipanda babu ilikuwa imesimama katika shamba la mwingine. Baba akahamia huku Vitengeni na wewe na magunia mawili. Mimi nikaomba uhamisho kwenda bara, nikasema nitarudi. Sikurudi ila kama mgeni.

Miaka mingi baadaye, tukichambua mchicha hapo nje, ulinitamkia mara moja tu. "Ungesema, 'Katoka matangani.' Maneno mawili, kaka." Kisha ukaniomba nikupe ungo.

Sasa niseme nawe ulifanya nini na maisha yasiyo na cheti, maana katika kikao hakuna aliyejua ila wa hapa. Ulikusanya watoto wadogo chini ya kibanda cha kanisa, ukawatandikia mikeka. Uliwafundisha kuhesabu kwa korosho za kukaanga, na kanuni yako ilikuwa kwamba anayepata jibu analila. Hakuna darasa katika nchi hii lililojifunza kujumlisha kwa haraka namna ile. Nilikuja siku moja nikakuta mtoto wa miaka mitano analia. "Analilia nini?" nikauliza. Ukasema, "Amepata kumi na mbili, mwenzake amemlia saba." Waliokwenda darasa la kwanza kutoka mikekani kwako walikuwa wanasoma tayari. Walimu wa shule za msingi waliwatambua kwa jinsi walivyoshika penseli.

Halafu akaja afisa mmoja na faili. Nilikuwepo, nilikuwa likizo. Akakagua, akasifu, akauliza, "Mama, cheti chako cha kidato cha nne kiko wapi?"

"Kimekaa hapo mkekani," ukamjibu, ukiwaonyesha watoto.

Akacheka vizuri tu, kwa adabu, kisha akaandika kwamba kituo hakina mwalimu mwenye sifa. Muhula uliofuata wakamleta Sidi, mtoto uliyemfundisha wewe mwenyewe kushika penseli, akiwa na cheti chake na shahada yake ya chuo. Alikuja nyumbani kwako kwanza kabla ya kwenda darasani, akapiga magoti, akalia. "Shikamoo, mwalimu. Nisamehe."

"Marahaba. Inuka, utachafua nguo yako mpya," ukamwambia. "Kwani nilikufundisha kusoma ili ukauze mbaazi? Nenda. Na yule Kazungu mdogo usimkalishe karibu na mlango, atatoroka."

Ukaendelea kwenda kila asubuhi kufagia darasa ulilolianzisha, ukakaa nyuma na watoto waliokuwa bado hawaelewi Kiswahili, ukiwanong'oneza kwa Kigiriama alichokuwa anasema Sidi. Ulifanya hivyo mpaka kifua kilipokuzuia. Tulikuzika mwaka jana, na katika wasifu wako padri akasoma, "Marehemu hakubahatika kuendelea na masomo." Nilikuwa mstari wa mbele. Nikanyamaza tena. Ndiyo mara ya pili.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa iwe juzi.

Nilikwenda na kurasa nne za kuutetea mtihani, zimepigwa chapa, na nilikuwa nakusudia kuzisoma. Kabla yangu alisimama mama mmoja anayeuza viazi sokoni, mtu wa bara aliyeolewa huku, wanamwita Mama Njeri. Alisema vizuri kuliko kurasa zangu zote. "Mimi hapa sina mjomba," alisema. "Mtoto wangu akisahihishwa na mtu asiyemjua, ana nafasi. Mkimwachia mwalimu wa hapa ampe cheti, cheti kitakwenda kwa shemeji ya chifu." Watu wakapiga makofi. Chifu akasema kwa sauti, "Mimi shemeji zangu wote wameshafeli, mama, usiwe na wasiwasi," ukumbi ukavunjika mbavu.

Kisha wakaniita mimi. Nikasimama, nikazifungua kurasa, nikasoma mstari wa kwanza: "Uzuri wa mtihani ni kwamba haumjui mtu." Nikaishia hapo. Sikuweza kuupita mstari ule, Kadzo. Nilielewa, nikiwa nimesimama mbele ya watu, kwa nini nimeupenda mtihani huu kwa bidii hivyo maisha yangu yote. Kama mtihani ni wa haki, basi aliyeufunga mlango alitenda haki. Nilikuwa nikijitetea mimi.

Nikazikunja kurasa. Nikawaambia habari ya asubuhi ile, kama nilivyokuandikia hapa, pamoja na tai na mafuta ya nywele. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye saa kubwa, akanikatiza. "Mzee wetu, pole sana. Lakini hayo ni mambo ya kifamilia. Na kila msemaji ana dakika tatu."

"Nimenyamaza muda mrefu kuliko huo, bwana mwenyekiti. Utanivumilia."

"Basi tuambie: unaunga mkono au unapinga?"

Nikasema: naunga mkono kuondolewa kwa mtihani. Nikamgeukia Mama Njeri, nikamwambia, mama, hofu yako ni ya kweli, mimi mwenyewe niliokolewa na namba, na ukisikia mtu anaipuuza hofu hiyo ujue ana mjomba. Kwa hiyo kazi ya mtoto wako isipewe alama na mwalimu wake peke yake. Isomwe na walimu wa mbali, bila jina, kama tulivyosoma sisi. Lakini iwe kazi ya miaka minne, isiwe ya saa mbili na nusu za asubuhi moja. Usiku mmoja wa homa usimfutie mtoto miaka minne. Wala mazishi. Wala gari la Marafa. Mtihani haumjui mtu, hiyo ni sifa yake, na ndiyo sababu ulimwacha nje mtu aliyeijua hesabu kuliko sisi tuliokuwa ndani. Mama Njeri akainuka, akasema, "Sasa hapo, baba, tunaelewana," akakaa.

Mwenyekiti akashukuru, akadhani nimemaliza. Nikasema bado. Nikasema cheti hicho kipya kisiwe cha watoto wa kesho tu. Mtu mzima yeyote mwenye kazi mkononi, aliyefungiwa mlango zamani, aruhusiwe kuileta kazi yake ipimwe, na ikithibitika, apewe. Na waliokufa waandikwe.

Karani, msichana mwenye kompyuta ya mapajani, aliacha kuandika. "Mzee, hicho hakimo kwenye fomu."

"Basi fomu ina upungufu, binti yangu. Ongeza."

Mwenyekiti akaitazama saa yake. "Mzee, tafadhali, keti. Wengine wanangoja."

"Sitaketi mpaka aandike."

Nilibaki nimesimama, na sikuona aibu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwandikieni basi, twende tukale!" Wengine wakamzomea. Halafu nikasikia kiti kinasogezwa. Alikuwa Sidi. Sasa ni mwalimu mkuu wa chekechea ile, ana mvi kidogo kwenye panja. Akasema, "Nilichukua kiti chake nikiwa na cheti. Watoto walimsikiliza yeye. Kama fomu inataka shahidi, niandikwe mimi." Akabaki amesimama.

Tulikuwa wawili tumesimama, na mwenyekiti mwenye haraka ameketi. Mwishowe akapunga mkono. "Haya, andika."

Karani akainama. "Jina la anayeombewa?"

Nikalitaja jina lako lote, pamoja na la Baba, kwa sauti ambayo nilipasa kuitumia zamani zile.

"Kiwango cha elimu?"

"Mwalimu," nikasema.

"Mzee, hiyo ni kazi, si kiwango."

"Andika hivyo hivyo."

Kisha nikasikia vidole vyake vikipiga herufi, moja baada ya nyingine, saba. Nikamwomba anisomee. Akanisomea. Ndipo nikaketi.

Sijui watafanya nini na karatasi ile. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba ripoti huandikwa na watu ambao hawakuwepo ukumbini. Huenda wakaitoa sentensi yangu, wakaandika kwamba mzee mmoja aliguswa na hisia. Dama amenishauri nirudi Nakuru nipumzike. "Umeshasema, mjomba. Mama amesikia." Nimemwambia siku njema ya kusema imenipita, na sasa kilichobaki ni kusema mara nyingi.

Wiki ijayo kikao kitakuwa Kaloleni, na baada yake Malindi. Mwenyekiti, tulipokuwa tukiagana, alinieleza kwa upole kwamba kanuni hairuhusu mtu kutoa maoni mara mbili. Nilimpa mkono, nikamwuliza Kaloleni wanaanza saa ngapi. Nitafika kabla ya saa hiyo, mdogo wangu, na wakitaka kufunga mlango, watanikuta nimeshaingia.

Pumzika huko uliko pamoja na Hawe na Baba. Mengine niachie.

Ni mimi,
Kaka yako